Barua kwa mwanangu: usikubali kubaki Aljebra 1

Lubumbashi, tarehe 3 Novemba 2025

Ilunga mwanangu,

Sauti uliyotuma Jumamosi nimeisikiliza mara tatu. Unasema hesabu za huko ni nyepesi, kila wiki A, mwalimu anakusifu mbele ya wenzako. Nikafurahi. Kisha nikamwuliza mjomba wako ni darasa gani hilo, akajibu: Aljebra 1. Mwanangu, hayo ulishayamaliza hapa. A hizo umezipata kwa kazi uliyoifanya Lubumbashi. Huko Iowa, Marekani, bado hujaanza kusoma hesabu.

Usikasirike, soma mpaka mwisho.

Hapa kwetu mtoto anachagua seksio, yaani mchepuo wa masomo, mara moja, anapoingia humanite, ile sekondari ya juu, na kuanzia hapo darasa zima linakwenda pamoja. Walio seksio ya sayansi, scientifique, wote wataziona derive mwaka wa tatu na integrali mwaka wa nne, ndiyo kalkulasi ya huko, mwenye bidii na mvivu. Huko kila mwanafunzi anapanda ngazi peke yake: Aljebra 1, jiometri, Aljebra 2, prekalkulasi, kalkulasi. Kidaraja kimoja kwa mwaka. Wewe uko darasa la 10. Basi hesabu mwenyewe: mwaka huu Aljebra 1, darasa la 11 jiometri, la 12 Aljebra 2, shule imekwisha. Hutagusa derive hata moja, na wewe ndiye unayesema unataka kujenga madaraja. Wenzako uliowaacha hapa Katuba watakuwa wamekupita, nao wanasomea kwa mshumaa.

Wala usidhani mtu alikuonea. Nadhani najua ilivyokuwa. Bulletini yako, ile karatasi ya matokeo, ina mstari unaosema Mathématiques 64, na kwetu 50 ni kufaulu, mwenye 70 anapigiwa vigelegele. Huko 64 kwa mizani yao ni D, alama ya mtoto aliyekaribia kuanguka. Mshauri wa masomo aliona 64, akaona pia Kiingereza chako cha ule mwezi wa kwanza ulipofika, akakuweka chini ili usiumie. Bulletini zile ziliondoka hapa bila karatasi ya kueleza mizani ya alama. Wewe hukujua, mjomba hakujua. Aliyepaswa kujua ni yule anayefundisha hesabu ndani ya nyumba hii.

Sasa karatasi ipo. Prefe, mkuu wa shule yako ya hapa, amesaini na kupiga muhuri. Inaeleza kwamba 50 kwa 100 ni kufaulu, inasema ulikuwa wa 3 kati ya 52, na nyuma yake nimefunga programu ya hesabu ya miaka yako miwili ya humanite, sura kwa sura: ikwesheni za digrii ya pili, mifumo ya ikwesheni, trigonometria, vekta. Hiyo ya sura ndiyo yenye nguvu, kwa maana jina la somo peke yake halimwambii mgeni kitu. Itafsiriwe Kiingereza na mtu mwingine, si wewe, na kila ukurasa wa tafsiri uambatane na nakala ya Kifaransa.

Ukiipokea, usimpe mwalimu mlangoni. Omba miadi na mshauri wa masomo, uende na mjomba. Shule ina wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo mjomba aombe mkalimani wa Kiswahili mapema, siku chache kabla. Usiwe wewe mkalimani. Mtoto akitafsiri kesi yake mwenyewe huona haya na kuipunguza. Nakujua. Ombeni jambo moja tu: upewe mtihani wa kupima kiwango, wa Aljebra 1 kwanza, kisha wa Aljebra 2. Ukifaulu yote miwili, mwakani unaingia prekalkulasi na darasa la 12 unasoma kalkulasi. Ukifaulu wa kwanza tu, omba mwakani usome jiometri na Aljebra 2 kwa pamoja. Shule nyingi huruhusu. Hapo darasa la 12 utafika prekalkulasi, nayo tangu mwaka wa masomo ulioanza 2023 ina AP yake, yaani somo la kiwango cha chuo, nitakueleza chini.

Wakikuambia subiri mpaka Kiingereza kikomae, mjomba ajibu kwa heshima kwamba Kiingereza na hesabu ni masomo mawili. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza bila msaada na kusema amepewa elimu sawa na wenzake. Nilikufundisha kunyamaza mbele ya mwalimu. Huko anayenyamaza wanadhani ameridhika. Kuomba si ukosefu wa adabu.

Mambo yatakayokuangusha katika mtihani huo si hesabu zenyewe. Ni alama za kuandikia. Sisi tunaandika 3,14 kwa koma, wao 3.14 kwa nukta, na koma yao hutenga maelfu, kwa hiyo 2,500 kwao ni elfu mbili na mia tano. Sisi namba zote kati ya 2 na 5, bila 2 wala 5 zenyewe, tunaziandika ]2, 5[, wao (2, 5), na wewe utadhani ni nukta kwenye grafu. Tg yetu, tanjenti, kwao ni tan. Halafu futi na inchi: inchi 12 ni futi 1, jifunze kwa moyo. Maneno ya maswali nayo yaandike kwenye daftari dogo, kumi kwa siku, kuanzia slope, intercept, factor na evaluate. Mtoto anayejua kutafuta mwinamo wa mstari hukosa swali kwa sababu hakujua kwamba slope ndiyo huo mwinamo.

Umeshaomba miadi? Niambie tarehe. Masomo ya mwakani huchaguliwa mara nyingi kati ya Januari na Machi, na madarasa yakishajaa hakuna atakayekufungulia.

Kuhusu AP uliyouliza. Ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo yanayofundishwa ndani ya sekondari, yanasimamiwa na College Board tangu mwaka 1955. Mtihani ni mwezi wa tano, alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi vya serikali hukuhesabia somo ukipata 3, vyuo vinavyochagua sana hutaka 4 au 5, na vingine havihesabu kabisa. Kila chuo kina jedwali lake, lisome kabla ya kuchagua. Chuo kikihesabu, hulipi tena kozi hiyo. Kwa sisi hiyo ni minervali, ada ya shule, ya miezi mingi.

Unasema shule yenu ni ndogo na AP ni chache. Ni kweli, shule za miji midogo huko ndivyo zilivyo: wanafunzi sita hawatoshi kumlipa mwalimu wa darasa zima. Lakini uliza mambo mawili. Chuo Kikuu cha Iowa, kupitia Belin-Blank Center, kina programu ya AP kwa intaneti kwa ajili ya shule kama hizo. Shule ndiyo inayokuandikisha na kukupa msimamizi, huwezi kujiandikisha peke yako. Pili, Iowa ina mpango wa kusoma kozi za chuo cha jamii ukiwa bado sekondari, na ada hulipwa na wilaya ya shule. Huo ni mzuri, ila kuwa mwangalifu: alama ya kozi ya chuo inabaki katika rekodi yako ya chuo daima. Alama ya AP ikiwa mbaya, huitumi popote. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake bado kinakua, ningeanza na AP.

Na kuna mtihani mmoja unaoweza kuufanya bila darasa lolote: AP ya Kifaransa. Hakuna sharti la kukaa darasani. Unahitaji shule itakayoagiza mtihani kwa jina lako, na mwisho wa kuagiza ni katikati ya mwezi huu. Shule nyingi hujiwekea tarehe ya mapema zaidi, kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa mratibu wa AP. Ikiwa yenu haikubali, mjomba apigie shule za jirani. Mwaka huu wa 2025 gharama ilikuwa dola 99 kwa mtihani; mwenye kipato kidogo hupunguziwa dola 37, na mtoto anayepata chakula cha mchana cha bure shuleni huwa anastahili. Ukichelewa huongezwa dola 40. Ukiagiza halafu usifike, dola 40 nazo.

Usije ukasema Kifaransa nakijua, nitaingia tu. Wanaokijua kwa kusema ndio wanaopoteza alama. Barua pepe ya dakika 15 huandikwa kwa vous ya heshima, na maswali yote uliyoulizwa lazima yajibiwe. Insha inatoka kwenye vyanzo vitatu: makala, jedwali na sauti. Usipotaja vyote vitatu, unashuka. Katika mazungumzo una sekunde 20 kwa kila jibu, mara tano. Mwisho unalinganisha utamaduni kwa dakika 2. Hapo weka Lubumbashi mbele, msimu wa maembe, matanga, chochote, bora uwe na mifano miwili mahususi.

AP ya kalkulasi nayo, siku ukiifikia, ujue itakupiga mahali pengine. Exetat ya hapa, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwenye kikao cha kawaida, unachagua herufi. Kule nusu ya alama ni maswali 6 ya kuandika, dakika 90, kila moja alama 9, na jibu sahihi lisilo na sababu halipati alama kamili. Hutaandika tu kwamba pale pana kilele. Utaandika kwamba derive inabadilika kutoka chanya kwenda hasi. Desimali tatu. Vipimo. Na ile C ya integrali, ukiisahau katika ikwesheni ya diferensia, swali lote lililobaki linaanguka nayo. Kwenye maswali 45 ya kuchagua usiache hata moja wazi, kwa sababu kosa halipunguzi alama.

Lakini haya yote yako juu ya ngazi. Kwanza utoke Aljebra 1.

Hapa nyumbani mvua imeanza. Bati la upande wa jiko linavuja palepale, fundi ameomba bati mbili na misumari, tutaona mwisho wa mwezi. SNEL wanakata umeme kuanzia jioni hadi usiku wa manane, kwa hiyo makaa yanakwenda haraka na bukari tunaipika mapema. Minervali ya Mbuyi nimelipa nusu. Kaku yako, mzee wetu, mguu umepungua kuvimba, anakula sombe vizuri, kila jioni anauliza kama una soksi nzito. Mjomba akitoka zamu ya usiku kiwandani usimwamshe kwa ajili ya simu. Vyombo uoshe wewe, mke wake asikukumbushe. Nimejivunia kusikia unamsaidia mtoto wao kusoma. Hilo hukuniambia wewe, nimelisikia kwake.

Karatasi ya prefe inaondoka Alhamisi na mtu anayesafiri. Picha yake nakutumia leo usiku umeme ukirudi. Mbuyi anaomba umpigie picha theluji siku ya kwanza itakapoanguka. Mimi nitumie kwanza ile ya fomu ya miadi.

Mama yako