"Nyaya Mbili Tu, Mbona Bei Hiyo?"

Swali hili hutujia kila tunapobadilisha koili ya Land Rover ya zamani, yaani kifaa kinachopandisha volti za betri ili plagi itoe cheche. Kukaza nyaya mbili kweli ni kazi ya dakika chache. Unacholipia ni kuhakikisha upi unaenda wapi, kwa sababu Land Rover za toleo la Series II, na Series IIA za kabla ya 1967, hufunga chanya ya betri kwenye bodi. Koili nyingi za madukani zimetengenezewa magari yenye hasi kwenye bodi.

Mteja akiifunga mwenyewe huweka + kwenye waya wa swichi na − kwenye disibuta (kigawa cheche kwa plagi), kama alivyozoea. Injini inawaka! Lau ingegoma, angerudi siku hiyohiyo. Cheche sasa inaruka kinyume. Ncha ya katikati ya plagi ndiyo yenye joto zaidi, na elektroni huchomoka kwa urahisi kwenye chuma cha moto. Ukigeuza nyaya, elektroni zinatoka kwenye ncha ya pembeni, iliyopoa, na koili inadaiwa volti nyingi zaidi kwa cheche ileile. Gari likiwa tupu hutagundua. Likipanda mlima na mzigo, au plagi zikianza kuchakaa, linaanza kumisi. Hapo zinanunuliwa plagi mpya, kabureta inafunguliwa, pampu ya mafuta inasingiziwa, na gharama inaipita ile ya kwetu mara kadhaa.

Bodi ikiwa chanya, waya wa swichi unakwenda − na wa disibuta unakwenda +. Koili za kampuni ya Lucas za enzi hizo zimeandikwa SW na CB badala ya + na −: SW ni swichi, CB ni disibuta. Ila magari mengi yameshageuzwa hasi kwenye bodi ili yafungwe redio au altaneta. Hapo SW na CB zinabadilishana. Ndiyo maana tunaanza kwa kuangalia betri, hata kama kitabu cha gari kipo mezani. Rangi nazo zina kanuni yake, nyeupe kutoka swichi na nyeupe yenye mstari mweusi kwenda disibuta, lakini nyaya za ganda la kitambaa zikishafifia zote ni kijivu. Tunazifuata kwa mita.

Mita hiyohiyo inapima koili kabla haijafungwa. Tunataka takriban omu 3 kati ya ncha mbili ndogo za koili. Ikisoma 1.5, hiyo ni ya magari yenye rezista ya nje. Ukiifunga hapa bila rezista itachemka na kuunguza platini, ile swichi ndogo ndani ya disibuta inayokata umeme wa koili. Mwisho tunarekebisha mwanya wa platini, milimita 0.35 hadi 0.40.

Unaruhusiwa kuja na koili yako. Bei ya kufunga haipungui, kwa kuwa vipimo ni vilevile. Moduli ya elektroniki inayochukua nafasi ya platini tutaikataa kama haikutengenezwa kwa bodi chanya: inaungua mara tu ukiwasha swichi, na duka halirudishi pesa.