Arubaini yako ikiisha

Bidiya, Oman

Shoga yangu Zuhura,

Picha ya mtoto nimeiona. Masikio ya babake, usibishe. Nasikia unakandwa asubuhi na jioni, na uji wa pilipili manga huukatai. Huku nako ni hayo hayo, ila wao ni uwatu, samli na supu ya mbuzi. Binti wa Kibedui akijifungua hurudi kwa mamake siku arubaini. Kazi hagusi, wala hakosi wa kumpokea mtoto.

Mimi naiogopa siku ya arubaini na moja. Anarudi kwake, ukingoni mwa mchanga, na mume yuko kambi ya mafuta au jeshini, wiki nzima nzima. Bibi mmoja aliniambia enzi zao za vibanda vya makuti, mtoto akilia usiku alisikika kibanda cha tatu. Sasa nyumba ni za matofali, zina viyoyozi na kuta ndefu.

Kliniki nina karatasi ya maswali kumi, yale ya Edinburgh ya mwaka 1987, ya kupima huzuni ya mzazi baada ya kujifungua. La kwanza: umeweza kucheka? Mavyaa amekaa ubavuni, basi mzazi anajibu "alhamdulillah" mpaka la kumi. Kati ya alama 30 anapata sifuri, yaani eti hana huzuni hata chembe.

Siku hizi namwomba mavyaa ampeleke mtoto mizanini, tubaki wawili. Hapo barakoa inavuliwa (ile ya bibi zetu, si ya korona). Huzuni siiulizi. Nauliza: mtoto akilala, nawe hulala? Mmoja juzi alinyamaza, kisha akashika kifua: "dhiqa." Nilishtuka, shoga. Ni dhiki yetu hiyo hiyo, ila yao inakaa kifuani. Kumbe hukodolea dari mpaka alfajiri. Mamake amekubali kumchukua tena, na daktari atamwona Jumapili.

Nawe nakujua, "alhamdulillah" yako haichelewi. Mumeo anashuka melini lini? Kama bado, usikimbilie kwako Fuoni peke yako kwa kuogopa maneno ya watu. Kaa kwa mama. Ijumaa nikipiga simu, sitakuuliza hujambo. Nitakuuliza ulilala saa ngapi.

Uwatu nimempa mjomba, anafika Jumatano. Roweka usiku, maji ya kwanza umwage, ni machungu.

Wako,
Rahma