Risala ya Serikali ya Wanafunzi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Jimbo: Mtoto Anayeonewa Aende kwa Nani?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Jimbo la Haut-Katanga, mgeni wetu rasmi, Papa Prefe mkuu wa shule yetu, walimu wetu, wazee wetu wa komite ya wazazi, wanafunzi wenzetu: jambo yenu wote, na karibuni Katuba.

Tunakushukuru kwa kuja kwetu Alhamisi hii ya kwanza ya Novemba, ambayo tangu mwaka 2020 ni Siku ya Kimataifa ya Kupinga Ukatili na Uonevu Shuleni, kwa uamuzi wa nchi wanachama wa UNESCO. Njia ya kuingia hapa ni matope matupu msimu huu wa mvua. Umeacha gari mbali ukatembea, na watoto wamekuona.

Tuanze na yale ambayo serikali imeyafanya, maana si madogo. Sheria ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamkinga kila aliye chini ya miaka 18 na ukatili wa namna zote, na inataka mtoto atendewe kiutu hata anapoadhibiwa, nyumbani na shuleni. Ndiyo sheria iliyotuletea mahakama ya watoto. Mwaka 2023 ikaja Kanuni ya Dijitali, inayomwadhibu anayemsumbua mwenzake kwa simu na intaneti. Hapo sisi wenye vikundi vya WhatsApp vya darasa tujitazame. Wizara yenyewe sasa inaitwa ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya. Jina hilo tumelipokea kama ahadi.

Halafu kuna masomo ya bure ya msingi, yaliyoandikwa katika Ibara ya 43 ya Katiba na kuanza kutekelezwa Septemba 2019. Kuna wadogo zetu ambao wasingeshika kalamu bila hayo, na hatutaki yarudi nyuma hata siku moja. Lakini watoto waliongezeka, macho ya walimu hayakuongezeka. Benchi likibeba watoto watano, mwalimu hauoni mkono unaofinya chini ya meza.

Mheshimiwa, turuhusu sasa tuseme ya hapa kwetu.

Kila Septemba wanaingia watoto wa darasa la saba, wengi wana miaka 12. Sisi wakubwa tunawaita bleu, kama wapya wanavyoitwa kule Chuo Kikuu, Kasapa. Inaanza kama mchezo. Kisha bleu anatumwa mandazi kwa pesa yake mwenyewe. Anavuliwa viatu. Anaimbishwa mbele ya vyoo huku wengine wakimpiga picha. Saa mbaya kuliko zote ni adhuhuri, wakati wale wa zamu ya asubuhi wanatoka na wale wa mchana wanaingia: uwanja mmoja una watoto wa zamu mbili, na hakuna mtu mzima anayejua nani ni wa nani.

Mwaka jana alikuja mtoto mmoja kutoka Kasai. Kiswahili chake kilikuwa bado kina sauti ya Tshiluba, lugha ya kwao. Kila alipojibu swali darasa lilimwiga, mpaka akaacha kujibu. Siku moja walitupa mfuko wake wa madaftari juu ya bati la vyoo. Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa dirishani, na nilicheka. Hakwenda kushtaki, kwa sababu alishaona mwenzake aliyeshtaki akichapwa pamoja na waliomwonea, eti wote wamefanya fujo. Baada ya Pasaka hakurudi. Tulipomtafuta, mama yake alisema anauza maji ya mifuko barabarani.

Jambo hili linatuuma kwa namna ya pekee. Babu zetu walifika Lubumbashi kwa ajili ya kazi ya shaba, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili ndicho kilichowafanya wasikilizane. Leo sisi wajukuu tunakigeuza fimbo ya kumchapia mgeni.

Tulitafuta kujua wengine wamefanya nini. Ufaransa, tangu Machi 2022, uonevu shuleni ni kosa la jinai: kifungo kinaweza kufika miaka 3 na faini euro 45,000, na hata miaka 10 kama mtoto amejiua au amejaribu kujiua. Kwenye kikao chetu wengi walipiga makofi waliposikia hivyo. Tulibishana siku mbili, tukabadili mawazo. Anayeonea hapa mara nyingi ana miaka 13, na sheria yetu haimhesabii hatia ya jinai mtoto asiyefika miaka 14. Tena wengi wao jana walikuwa bleu. Kilichotugusa zaidi ni cha Finland, ambako serikali iligharimia mpango uitwao KiVa, uliotungwa na Chuo Kikuu cha Turku. Unawafundisha hasa wale wanaotazama: wasicheke, wasimame upande wa anayeonewa. Yaani unanisema mimi wa dirishani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni moja. Kila shule ya jimbo hili iwe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa sura, ambaye kazi yake ni kumsikiliza mtoto anayeonewa. Asiwe yule yule anayegawa adhabu, maana mtoto hawezi kupeleka machozi yake kwa mwenye fimbo. Saa ile ya adhuhuri nayo ipewe walimu wawili wa kukaa uwanjani, na saa hiyo ihesabiwe katika kazi yao. Tunaomba pia sheria ya 2009 ipatikane kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani, hata kurasa mbili tu za kubandika ukutani. Sisi tumeiona kwa Kifaransa, na wazazi wetu wengi hawawezi kuisoma.

Upande wetu, tangu Septemba kila mkubwa wa humaniti, yaani madarasa ya juu ya sekondari, amepewa mtoto mmoja wa darasa la saba wa kutembea naye mpaka barabara kubwa. Wapo waliokataa, hatufichi. Bado tunazungumza nao.

Mwisho, sanduku hili la mbao limetengenezwa na wenzetu. Lina kufuli na funguo mbili. Kwa wiki tatu watoto wametumbukiza karatasi humo, na hatujalifungua, kwa kuwa hatukujua nani ana haki ya kusoma siri zao. Ufunguo mmoja tunaukabidhi mkononi mwako. Tunakuomba, kabla hujaondoka, wewe na Papa Prefe mtuambie jina la mtu atakayepokea wa pili, ili wa zamu ya mchana wakiingia wamkute ameketi.

Asanteni kwa kutusikiliza.

Serikali ya Wanafunzi, Katuba, Lubumbashi