Chuma hakiponyi kwato

Mhariri,

Hapa Lindi punda wa mkokoteni akichechemea, wengi hufikiria viatu vya chuma. Tupimeni kwanza. Kwato yenye joto kuliko nyingine huenda ina usaha ndani. Daktari wa mifugo autoboe, ilowekwe maji vuguvugu ya chumvi, ifungwe kitambaa safi, na achanjwe pepopunda (jina lenyewe linatosha kututahadharisha). Kumpigilia misumari hapo ni kuuziba usaha.

Asiye na kidonda, kwato hukatwa kila wiki 6 hadi 10 na kulainishwa kwa tupa. Unyayo usichongwe: ukiwa mwembamba kila kokoto humchoma. Kiatu kinafaa barabara ya mawe inapokula kwato upesi kuliko inavyoota, takriban sentimita 1 kwa mwezi. Pumba nazo zipunguzwe, maana zikizidi huweza kuleta uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato.

Mfugaji, Lindi