Msiuze mashine za milingi kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma. Mwezi uliopita nilikwenda chuo kimoja cha ufundi hapa Dar es Salaam kumfuata kijana wa mafunzo kwa vitendo. Nyuma ya karakana yao nikakuta mashine mbili za milingi, yaani za kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, zile ndogo za mezani, zimelazwa mchangani zikisubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Nikazungusha hendeli ya moja, meza ikatembea. Nilipouliza zina ubovu gani, nikaambiwa hazina ubovu ila ni za mkono, na siku hizi watu wanataka CNC, yaani mashine zinazoongozwa na kompyuta.

Mashine yangu pale Gerezani ilikuwa ya mkono kama hizo. Leo inaendeshwa na kompyuta, na niliibadilisha mwenyewe kwa miezi saba, jioni baada ya kazi za wateja. Gharama yote ilifika kama shilingi milioni 1 na laki 8.

Watu wengi hudhani kazi ni kufunga mota tu. Ugumu uko kwenye skrubu zinazosukuma meza. Skrubu za zamani zilikuwa na pleyi ya milimita 0.4: ukigeuza hendeli kurudi nyuma, unazungusha kwanza huku meza imesimama. Fundi wa mkono hilo halimsumbui, kwa sababu kila mara anakijia kipimo kutoka upande mmoja, na mkono wake unajua. Kompyuta haina mkono. Ukiiamuru ikate duara, duara linatoka na makovu manne, pale kila upande unapogeuza mwelekeo. Ndiyo maana nilizitoa zote nikaweka skrubu za gololi, ambazo nati yake ina gololi zinazozunguka ndani kama beringi. Zangu ni za milimita 16, na kwa kila mzunguko meza inasogea milimita 5. Mota inagawa mzunguko huo hatua 200, kwa hiyo hatua moja ni milimita 0.025. Hesabu hiyo kijana wa mwaka wa kwanza anaimaliza ubaoni, lakini ataielewa siku atakapoweka daili geji, kile kipimo cha sindano cha kupima msogeo mdogo, mezani na kuiona sindano inasogea sawasawa na alivyohesabu.

Vishikio vya mota na vya nati nilivichonga kwa mashine hiyohiyo kabla sijaifungua, maana ukishaitoa skrubu huna tena cha kuchongea. Hata hivyo kishikio kimoja kiligoma kuingia chini ya meza, na mashine ilikuwa tayari vipande vipande sakafuni. Ilibidi nimwombe jirani nafasi kwenye mashine yake Jumapili nzima.

Kichwa kinachoshika kisu nacho kilinitesa, kwa sababu ni kizito. Mota ya kukipandisha ilikuwa inaruka hatua, na mota za aina hii hazitoi taarifa zikiruka; kompyuta inaamini imefika, kumbe haijafika. Nilipata mashimo yasiyolingana vina wiki mbili nzima. Dawa ilikuwa shokapu mbili za gesi, zile za mlango wa nyuma wa gari dogo, zinazobeba uzito badala ya mota. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipo. Nimefunga swichi za mwisho wa meza ili ukirudi iende ikatafute sifuri yake upya.

Kompyuta ni ya mtumba, ina lile tundu la printa la pini 25, na programu ni LinuxCNC, ambayo ni ya bure. Wiki iliyopita nilichonga gurudumu la nailoni lenye mabonde 8 ya kuongozea chupa, la kiwanda kidogo cha maji. Zamani kwa mkono lingenichukua siku mbili, na bonde la tano lisingefanana na la kwanza. Sasa lilitoka mchana mmoja.

Sisemi mashine ya mezani itashindana na ile kubwa ya kiwandani. Chuma kigumu inakata taratibu, kidogo kidogo. Ila wasiotaka kuamini wakumbuke kwamba mashine ya milingi ya kuongozwa kwa namba iliyoonyeshwa na chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952 nayo ilikuwa ya kubadilishwa. Walichukua Cincinnati Hydro-Tel iliyokuwepo, wakaifunga vidhibiti vilivyosoma utepe wenye matundu.

Ninachowaomba wakuu wa vyuo ni hiki: kabla mashine haijapanda mizani, wapeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho moja waibadilishe. Humo mna uchongaji, umeme, hesabu na kompyuta kwa pamoja. Kijana aliyetafuta pleyi kwa daili geji na kuiondoa, CNC mpya ikija na ikaharibika, atajua aanzie wapi. Anayefundishwa kubonyeza tu atasubiri mgeni aje kuitengeneza.

Skrubu zangu za zamani bado ninazo, nimezipaka grisi na kuzifunga gazeti. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi pleyi ilivyo nitamwazima, na Jumamosi mashine yenyewe huwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa kukereza na milingi,
Gerezani, Dar es Salaam