Shehena iangaliwe, si abiria tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nilikuwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, kwenye vyombo vya Unguja na Pemba hadi nilipostaafu, na kila sikukuu ikikaribia moyo hunienda mbio.

Tangu meli ya Spice Islander izame karibu na Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, imejaza kupita kiasi, tunahimizana kuhesabu abiria. Ni sawa, lakini haitoshi. Meli ya Eastland ilipinduka 24 Julai 1915 katika mto wa Chicago, Marekani, na abiria kiasi cha 2,500, ambao ndio ilioruhusiwa kuchukua. Walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric na familia zao, wanakwenda matembezini. Mtoni, bado imefungwa gatini! Ilianza kwenda mrama, ikalala ubavu kwenye maji ya kina cha mita 6 hivi, wakafa watu 844. Ilikuwa nyepesi chini, nzito juu. Farumu yake, yaani uzito wa chini wa kuituliza, ilikuwa maji ndani ya matangi, nayo hayakuwa yamejazwa inavyotakiwa. Na wiki chache kabla, kwa sababu ya msiba wa Titanic, ilikuwa imeongezewa mashua za kuokolea huko huko juu.

Kwetu nako ilikuwa karibu na gati: kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia kutia gati Ukara, Ziwa Victoria. Wakafa zaidi ya watu 220.

Sikukuu iliyopita nilisimama gatini nikatazama chombo kimoja kikipakia. Mifuko ya saruji na mafriji viliachwa sitaha ya abiria, pembeni mwa ngazi, vimezungushiwa kamba moja, kwa kuwa muda wa kuondoka umefika na ngama, chumba cha shehena cha chini, imeshafungwa. Karani alikuwa mlangoni, anakagua tiketi. Wa kukagua shehena simwoni. Na watu wote wamejazana upande wa gati, wanawapungia jamaa zao.

Sisi tulikuwa hatufungui amari, kamba ya kufungia chombo, mpaka nahodha ateremke na kihori, mtumbwi mdogo, akizunguke chombo kuanzia omo, mbele, hadi tezi, nyuma, aone kimekaa sawa au kimeegemea. Naiomba mamlaka inayohusika iweke mkaguzi wa kufanya hivyo kabla ya kila safari ya Pemba, naye apewe uwezo wa kuamuru mzigo ushushwe, hata kama saa ya kuondoka imepita na abiria wanapiga kelele.

Serahangi mstaafu,
Mkoani, Pemba