Dayali geji ikikwama: kagua kibano kwanza, mafuta yaache

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kutoka kwa mafundi wanaotuletea dayali geji, kile kipimo cha mviringo chenye mshale kinachoonyesha miyumbo midogo sana, ni haya: "Mshale haurudi." Wengine wanasema unarudi kwa kusuasua, au mpaka kioo kigongwe kidogo kwa kidole. Hao wanaogonga kioo ndio wanaotupa wasiwasi zaidi. Geji iliyokwama kabisa hakuna anayeiamini, inawekwa kando na kazi inasubiri. Inayokwama kidogo inaendelea kutumika, na namba inazotoa zinaandikwa na kuaminiwa.

Chukua diski ya breki. Mteja analalamika usukani unatetemeka akikanyaga breki, unafunga geji, unaizungusha diski taratibu. Kwa magari mengi madogo, mtengenezaji anaruhusu diski iyumbe kati ya 0.05 na 0.10 mm tu, kutegemea gari. Sasa kama plunja, yaani kijiti chembamba kinachotoka chini ya geji na kugusa kazi, inang'ang'ania juu na kushindwa kushuka 0.04 ya mwisho, diski yenye 0.09 itasoma 0.05. Utairudisha kwenye gari ukiamini ni nzima, na mtetemo utabaki pale pale. Kwenye krenki hasara ni kubwa zaidi. Unailaza kwenye vii-bloki (vishikio vyenye umbo la V), unaizungusha huku ukipima jenali ya katikati, ile sehemu ya mviringo inayokaa kwenye bearing, unagawa usomaji kwa mbili upate mpindo. Geji inayokwama inakupa mpindo mdogo kuliko uliopo, mteja ananunua bearing mpya, nazo zinaliwa upande mmoja.

Kwa nini uchafu kidogo tu unaweza kuishinda geji? Plunja ina meno ubavuni. Ikipanda, meno yale yanazungusha gia ndogo, nayo inazungusha nyingine, mpaka 1 mm ya mwendo inakuwa mzunguko mzima wa mshale mrefu: migawanyo 100, kila mmoja 0.01 mm. Kinachoirudisha plunja chini ni springi dhaifu sana. Kwa geji nyingi za aina hii nguvu yake haizidi niutoni 1.5, sawa na uzito wa gramu 150 hivi. Imefanywa dhaifu makusudi, ili isisukume kazi unayoipima. Kwa hiyo utando mwembamba wa mafuta yaliyoganda unatosha kuizuia, na geji yenyewe isiwe na kitu kilichovunjika.

Kabla hujailaumu geji, ifungue kwenye stendi uishike mkononi. Sukuma plunja polepole kwa kidole, kisha iachie ishuke taratibu ikifuata kidole. Kama inateleza vizuri, tatizo ni kibano, yaani jinsi stendi inavyoishika. Shingo ya geji nyingi, ile bomba fupi iliyo chini ya uso wake, ina kipenyo cha 8 mm, na plunja inapita ndani yake kwa nafasi ndogo mno. Skrubu ya stendi ikiibana shingo hiyo kwenye nukta moja, shingo inaminywa na plunja inashikwa. Tunaliona hili zaidi kwenye stendi zenye tundu la inchi 3/8, yaani 9.525 mm, zikifungiwa geji ya 8 mm: tundu ni pana, geji inacheza, fundi anakaza mpaka itulie. Weka bushi iliyopasuliwa upande mmoja, ikumbatie shingo pande zote, na ukaze kiasi cha kuzuia geji isiteleze tu. Au tumia sikio (kishikio chenye tundu) la nyuma ya geji kama lipo, shingo isiguswe kabisa.

Ikiwa inakwama hata mkononi, tazama inakwamaje. Ikiwa nzito mwendo wote, karibu kila mara ni uchafu. Ikinasa mahali pale pale kila safari, tuseme ikifika 3 mm, hapo kuna jino lenye kasoro, chembe ya chuma kati ya meno, au plunja imepinda. Ikirudi vizuri ikiwa wima lakini ikasita ukiigeuza kichwa chini, springi inashindwa kuubeba uzito wa plunja, ama kwa sababu imechoka au kwa sababu msuguano umeongezeka.

Uchafu wa plunja unaweza kuutoa mwenyewe. Shika geji ncha ikitazama chini, chukua kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kilowanishe kidogo tu kwa spiriti, futa plunja. Isukume juu, iachie, futa tena kinachotoka. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kisha iache ikauke. Usiimwagie spiriti, maana itabeba uchafu kuingia nao ndani.

Na tafadhali, usipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Tunalisema kwa kila mteja kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza watu wanayoikimbilia, na siku hiyo kweli inafanya kazi. Baadaye majimaji yanaruka, utando unabaki, na vumbi la chuma na la jiwe la kunolea linanata juu yake mpaka linakuwa kama uji mzito wenye mchanga. Mafuta mengine yanapanda ndani hadi kwenye springi nyingine, nyembamba, inayofanana na ya saa ya mkononi. Mizunguko yake ikigandana, usomaji unaharibika hata plunja ikiteleza. Mafuta ya cherehani na grisi navyo havifai. Plunja imetengenezwa ifanye kazi ikiwa kavu.

Plunja zinazopinda, nyingi hupigwa kwa ubavu. Ukizungusha shafti yenye njia ya kii (mfereji uliochongwa ubavuni mwake) huku ncha imeegemea juu yake, ncha inatumbukia na ukuta wa njia unaisukuma pembeni. Inua plunja kwa mkono kabla njia haijafika. Isimamishe wima juu ya kazi pia: ikilala nyuzi 10 tu, usomaji unazidi kwa takriban asilimia 1.5, na mzigo wa pembeni unaila shingo. Kabla ya kuweka sifuri, ibonyeze mshale mrefu uende angalau nusu mzunguko ili plunja iwe na nafasi ya kushuka na kupanda.

Ukishasafisha, ijaribu. Ifunge juu ya bamba lililonyooka, weka sifuri, inua plunja na kuiachia mara kadhaa, polepole na kwa haraka kidogo. Sisi hatuikubali ya 0.01 mm isiporudi ndani ya nusu ya mgawanyo. Kisha inua ncha, ingiza fila geji (ubapa wa chuma wenye unene unaojulikana) safi ya 0.10 mm chini yake: mshale usogee migawanyo 10, na ukiitoa urudi sifuri bila kugongwa.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho kazi yetu. Tunafungua mgongo, tunasafisha gia kwa brashi laini, tunaweka tone dogo mno la mafuta ya saa kwenye mihimili yake na kuyaacha meno makavu, kisha tunaikagua kwa vipande vya kipimo, yaani vya chuma vyenye urefu unaojulikana kwa usahihi, kupanda na kushuka mwendo wote. Tunakuomba usiifungue mwenyewe. Springi ile nyembamba ikijisokota, kurudi kwake ni taabu. Na ikiwa ni geji ya bei nafuu yenye jino lililovunjika tutakuambia ununue mpya, maana ukarabati utazidi bei yake.

Ukija, ilete pamoja na stendi yake, na kabla hujatoka kaza ile ncha ndogo iliyo mwishoni mwa plunja. Imefungwa kwa skrubu yake tu, na ikilegea mshale huhangaika kama geji iliyokwama. Ikiwa shida ilikuwa hiyo, umeokoa safari.